Nani Hawezi Kungoja

Asifiwe Mungu, Baba wa waliovuka na wa waliobaki ng'ambo, aliyenipitisha ziwa la Mweru nikiwa hai, akanipa miguu ya kutembelea kambi za wavuvi miaka mingi. Sasa miguu ameidai, ulimi ameniachia. Namshukuru kwa vyote viwili, maana nimeona watu waliochukuliwa ulimi kwanza.

Wanangu mnaofanya kazi ya afya hapa Nchelenge, kandokando ya ziwa na kule Mantapala kwenye makazi yetu wakimbizi, juzi nilikuja kliniki kuomba dawa ya magoti, nikawakuta mmekaa mmezunguka boksi moja la vipimo vya virusi vya Ukimwi kama watu waliozunguka jeneza. Mmoja wenu akaniuliza, "Mama Yudita, sasa tunamwacha nani?" Nilijibu kwamba tuombe. Tumeomba. Lakini swali lile halijaniachia usingizi mzuri, kwa sababu najua mambo mengine yote mtafundishwa kwenye semina, na hilo moja hakuna anayetaka kulifundisha. Basi nawaandikia ninayoyajua. Hayatoshi, lakini ndiyo niliyo nayo.

Ambao hamnijui: nilianza kazi hii ng'ambo, Kongo, upande wa Pweto, nikiwa rele. Ndivyo tulivyoitwa sisi tuliopeleka habari za afya nyumba kwa nyumba. Vita vilipotusukuma huku, nilifika Mantapala wakati bado tunakata miti ya kujengea, na kabla nyumba yangu haijapata mlango nilikuwa nimeshaanza tena kugonga milango ya wenzangu.

Siku zile za kwanza kazi yetu ilikuwa kutisha. Tulikuwa na picha kubwa ya mtu aliyekonda, mbavu nje, macho ndani, na nyuma yake fuvu. Niliifungua mbele ya wavuvi, nikanyoosha fimbo, nikasema kwa sauti ya mhubiri, "Tazameni!" Wakatazama. Mzee mmoja akauliza, "Mama, huyu njo nani?" Nikasema ni mgonjwa. "Iko na njaa," akasema. "Mumupatie bukari, muache kumutembeza mu jua." Kambi nzima ikacheka, na picha yangu ikamaliza maisha yake ikiziba tundu kwenye paa la jiko. Nilijifunza siku ile kwamba hofu hukaa kwa mtu kama moshi: inamtoa nje, haimfundishi pa kwenda.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Sista Mutale, muuguzi, Mbemba wa hapa hapa, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Kiswahili alikijifunza kwa wagonjwa kutoka Kongo, ndiyo maana alijua kwanza maneno ya maumivu, na salamu baadaye. Tulikuwa tukienda kambi za chisense, wale dagaa wadogo, kwa tarehe za ratiba ya ofisi. Tunafika mchana, megafoni mkononi, na kambi yote iko kimya. Chisense huvuliwa kwa taa wakati wa giza la mwezi, kwa hiyo mchana wanaume wamelala. Nilimwamsha kijana mmoja aliyejifunika neti. Hakufungua hata macho. "Mama," akasema, akiuita Ukimwi kwa jina la Kongo, "sida inaweza kungoja. Usingizi haingoje."

Sista Mutale hakunilaumu. Alinipeleka kwa mama mmoja anayeanika samaki, akaniambia nimuulize ni lini wanaume wanakuwa wamekaa bure. Yule mama akashangaa kwamba watu wa ofisi hawajui. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki. Wanaume wanakaa kambini, wana pesa ya majuma yaliyopita, wanakunywa, na akina mama wanaonunua samaki wanakaa pale pale wakingoja kazi ianze tena. Mwanamke asiye na rafiki kwenye mitumbwi hupewa samaki mwishoni, au hapewi. Mnaelewa anachofanya ili apewe mwanzoni. Tangu hapo ratiba yetu ilifuata mwezi wa mbinguni, na mwezi wa karatasi tukauacha kwa wanaoandika ripoti.

Kondomu nazo tulikuwa tukimkabidhi mwenye kambi, kwa heshima. Zikawa zinakaa chini ya kitanda chake, kwa sababu nani ataenda kumwomba mzee kitu kama hicho? Tukazihamishia kwa mshona nyavu. Kila mwanamume hupita kwa mshona nyavu, na hakuna anayemuuliza ametoka kufanya nini. Haya ni mambo madogo, wanangu. Lakini boksi likiwa dogo, mambo madogo ndiyo yanayobaki mkononi.

Sasa niwaambie habari ya mwaka ule mizigo ilipoanza kupungua. Si zamani, wengi wenu mlikuwa mmeshaota ndevu. Vitu vilikuja vichache, vipimo vichache, na petroli ya boti kwa safari moja tu, na hakuna aliyejua mzigo mwingine utakuja lini.

Msimu uliotangulia komite yetu ya afya ilikuwa imegawa kila kitu sawasawa, kila eneo fungu lake, kama chakula cha kilio. Mnajua desturi yetu: msibani hakuna anayepitwa na sahani, hata adui wa marehemu. Tulidhani hiyo ndiyo haki. Matokeo yake, kwenye vijiji vya wakulima vipimo viliharibika kwa kupitwa na muda, panya wakazaa ndani ya boksi, na kwenye kambi moja ya mbali, ambako barabara haifiki, vilikwisha kabla jua halijafika utosini. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu alikuwa amepata. Ndiyo hatari ya kugawa sawasawa: inanyamazisha watu wote isipokuwa ugonjwa.

Basi tukakaa tena kwenye chumba cha kupimia watoto. Mwenyekiti alikuwa Ba Mwansa, mnunuzi wa samaki, mtu mkarimu na mwenye kelele, aliyejifunza Kiswahili kwa kubishana bei na Wakongo. Mantapala iliwakilishwa na Papa Ilunga, katekista, mtu mnyoofu kama msumari na, Mungu anisamehe, mgumu kama msumari vilevile.

Ba Mwansa alifungua kwa kuwasalimu akina mama na akina baba Kibemba. "Ba Mayo na ba Tata, tusipoteze siku. Tugawe sawasawa, kila mutu ajue amekula."

"Kipimo hakiliwi, Ba Mwansa," alisema Sista Mutale.

"Basi tuanze na Mantapala," akasema Papa Ilunga. "Kule kuko bamama ba bwana moja. Kuko batoto. Bale ba kambi bamechagua maisha yabo. Tuanze na benye kujichunga."

Sista Mutale akamtazama. "Papa Ilunga, bale bamama ba bwana moja, mabwana yabo beko wapi sasa?"

"Ku kambi!" Ba Mwansa akapiga meza akicheka. "Beko ku kambi, banakamata chisense na bingine!"

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba moto huzimwa pale unapowaka, kwamba anayemlinda mvuvi kambini anamlinda na mke aliye Mantapala. Lakini moyo wangu ulikuwa na jambo lingine ndani yake, na niliona ni heri nilitoe mwenyewe kabla halijatolewa kwa ndoano.

"Kabla sijasema, mujue," nikawaambia. "Feza, mutoto wa mudogo wangu, iko ku ile kambi. Iko na mimba kubwa."

Papa Ilunga akainuka kwenye kiti. "Njo ile! Nilikuwa najiuliza sababu gani mama ananyamaza. Kumbe kambi iko na jina, inaitwa Feza!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Aliona, akashusha sauti. "Sikutukane, mama. Lakini kama ingekuwa mutoto yangu, weye ungesema vilevile."

"Ningesema," nikamjibu. "Njo maana natoka inje. Mukate neno bila miye."

Nikatoka. Wanangu, mkishika neno moja tu katika barua hii, shikeni hilo: jamaa yako akiwa ndani ya shauri, sema mbele ya watu, kisha utoke. Lakini msidhani ukitoka roho inatoka nawe. Nilikaa kwenye benchi la nje kati ya akina mama waliokuja kupima uzito wa watoto, wakanisalimu, nikawaitikia, na sikumbuki hata uso mmoja.

Feza alipima mwanzoni mwa mimba na alikuwa salama. Kisha posho ya chakula Mantapala ikapunguzwa, akaenda kambini kumfuata mume wake na kununua chisense za kuuza kwa watu wa minibasi za Mansa. Mume alikuwa mcheshi, mkarimu, na mwenye mke kila mahali mtumbwi wake unapofika. Kupimwa alikataa. Mnajua yanayoweza kutokea. Mwanamke akiambukizwa akiwa na mimba au akinyonyesha, virusi huwa na nguvu sana siku zile za mwanzo, na mtoto yuko hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Akijulikana mapema na kupewa dawa, mtoto anaweza kuzaliwa na kukua bila virusi. Asipojulikana, hakuna wa kulaumiwa na hakuna wa kumsaidia. Kliniki ilikuwa na vipimo vya wajawazito ambavyo komite haigusi, lakini Feza alikuwa mahali ambapo barabara haifiki, na tumbo lilikuwa linakua bila kutungoja.

Nilijaribu kuomba. Kila nilipoanza kuombea kambi, mdomo ulisema Feza. Nikaanza kuogopa kwamba Papa Ilunga alikuwa amesema kweli, kwamba hoja zangu zote nzuri za moto na mvuvi zilikuwa nguo tu, na ndani yake kulikuwa na mama mkubwa mwenye hofu. Mpaka leo sijui. Nadhani Mungu anajua, na hajaniambia.

Ndani nikasikia sauti ndogo ya Sista Mutale. Haikupanda hata mara moja. "Tusiulize nani anastahili. Tukianza hapo, tutagombana mpaka Yesu arudi. Tuulize nani hawezi kungoja mpaka mzigo mwingine ufike."

Wakaanza kupitia mahali kwa mahali kwa swali hilo. Shule? Wanafunzi wanahitaji mafundisho, na mafundisho hayahitaji petroli, yanahitaji mtu mwenye mdomo na subira. Soko la Nchelenge? Mtu wa sokoni anaweza kutembea mpaka kliniki, tena hata akishika mkate mkononi. Mantapala? Mwenye haraka anaweza kuletwa kwa baiskeli, ingawa anaumia mgongo. Kambi ile? Mtu wa kule hana njia ya kuja kwetu kwa miguu wala kwa baiskeli, na ndipo shauri likaisha.

Waliponiita ndani, Ba Mwansa alikuwa ameshajifuta jasho. Boti itaenda kambini mwezi ukiwa mkubwa, akasema. Vipimo vingi, vidonge vya kinga na kondomu vitaenda huko. Mama Yudita hatapanda, ili neno lisitoke. Ataenda Papa Ilunga.

"Miye?" Papa Ilunga akashtuka. "Miye naogopa mayi!"

"Ulivuka ziwa ukitoka Kongo," Ba Mwansa akamwambia.

"Nilivuka nikifunga macho!"

"Basi funga tena, Papa. Lakini fungua ukifika."

Akaenda. Upepo ukaja nyuma yake, ule upepo wa kiangazi unaogeuza Mweru kuwa nyeupe, na boti haikurudi siku iliyotazamiwa. Nikawa nashuka ufukoni kila asubuhi, nasimama kati ya wanunuzi wa samaki kama mtu mwenye mzigo anaoungoja. Wauzaji wakaanza kunitania: "Mama, unanunua maji?" Nilikuwa na hofu mbili zinazolana. Kwanza Papa Ilunga asizame, kwa sababu alipanda mahali pangu. Pili, kwamba hata akifika, Feza atapimwa, na jibu litakuja ndani ya boti ileile.

Boti ilipotokea, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Feza. Alikaa katikati, kitenge kichwani, tumbo mbele yake kama gunia. Nikajua ni mgonjwa. Nikaingia majini na viatu.

"Mama mukubwa, niko muzima," akasema. "Toka mu mayi, utapata baridi."

Papa Ilunga alishuka nyuma yake, uso wa majivu. Alikuwa ametapika kwenda na kurudi. Hakunisalimu. Alishika boksi tupu kifuani.

"Vimeisha vyote," akasema. "Na bantu balibaki mu mustari."

"Na Feza?"

"Hakupima."

Akanieleza papo hapo, tumesimama kwenye magamba ya samaki. Feza alikuwa wa mbele kabisa kwenye mstari. Lakini Papa Ilunga aliposhuka kwenye boti, ili watu wasione anavyotetemeka, alifanya mzaha. Alisema kwa sauti kubwa, "Mushukuru Feza! Mama yake mukubwa alifukuzwa mu réunion ya komite juu yake, njo boti ikakuya!" Watu wakacheka, kama tulivyocheka sisi. Feza akachukua kigoda chake, akaenda kukaa mwisho wa mstari. Akawa anawashikia wengine watoto wao wakati wanapimwa.

"Nilimuambia, 'Mama, uko na mimba, pita mbele.' Akakatala. Alisema hataki mutu aseme mama yake alimuletea boti. Nilimuambia tena. Akanipatia mutoto wa mutu nishike." Papa Ilunga akatazama maji aliyoyaogopa. "Vilipoisha, nilikatala kupanda bila yeye. Mwenye boti alikuwa amepakia magunia yake ya chisense. Nilimuambia atoe magunia, ama anizike palepale. Akatoa."

Tulipanda naye mpaka kliniki, polepole, Feza katikati yetu, kila mmoja akijifanya hamshiki. Sista Mutale alimpokea, akafunga mlango. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Papa Ilunga. Alianza kusali rozari kwa sauti ya chini, akakosea, akaanza tena.

Mlango ulipofunguliwa, Feza aliomba maji ya kunywa. Nilimpa. Hilo ndilo pekee nililofanya.

Siku zilizofuata komite ilikaa tena, na safari hii Papa Ilunga ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema neno ambalo naliona bora kuliko yote niliyosikia kwenye semina. Alisema kipaumbele kisichotangazwa hugeuka upendeleo. Feza alikuwa na haki ya kutangulia, lakini sisi tulimfikishia haki hiyo ikiwa na sura ya zawadi ya mama mkubwa, na mtu mwenye aibu hakubali zawadi mbele za watu. Kwa hiyo tukaweka desturi mpya. Boti ikifika mahali popote, kabla ya boksi kufunguliwa, kabla ya salamu kuisha, mmoja anasimama na kusema: wenye mimba na wanaonyonyesha wanatangulia, ni sheria ya wote, haina jina la mtu. Vipimo vyao vinatengwa na kushikwa na mkono mwingine. Na mzaha unangoja mpaka boti iondoke.

Mtaniuliza ikiwa kazi hiyo ilikuwa rahisi baada ya hapo. Hapana. Mlio na jamaa kambini mtashutumiwa, na wasio na jamaa huko watawasahau watu wa huko. Mtakapochagua, kuna mtu atalia, na wakati mwingine atakuwa na haki ya kulia. Chagueni hata hivyo. Mkiogopa kuchagua, boksi litachagua kwa niaba yenu, nalo huchagua walio karibu na wenye sauti.

Feza alijifungua mtoto wa kike wakati wa mvua. Mtoto alipimwa, akapimwa tena kama ilivyo taratibu, mpaka kipimo cha mwisho. Siku hiyo Feza alisimama kanisani mwenyewe, akamwinua juu, akasema mtoto wake ni mzima, hana virusi. Kwa kuwa alisema mwenyewe mbele ya watu, nami nimeandika. Kuhusu yeye Feza hakusema neno, na kwa hiyo nami sina neno. Ba Mwansa alinizunguka muda mrefu. "Ba Mayo, sasa ile Feza, ile siku..." Na mimi nilimuuliza, "Ba Mwansa, leo samaki ni bei gani?" Mpaka akachoka.

Wanaonisumbua ni wale wengine, waliobaki kwenye mstari nyuma ya Feza siku ile. Sikuwaona. Upepo ukivuma kiangazi nawafikiria: mwanamke aliyefunga khanga yake upya na kurudi kwenye chanja za samaki, kijana aliyesema nitapima siku nyingine. Mzigo mwingine ulichelewa sana. Ulipofika, komite haikuhitaji kubishana. Papa Ilunga alikuwa ameshasimama ufukoni asubuhi, jaketi la kuelea limefungwa mpaka kidevuni, macho ameyafumba, mkono mmoja umeshika ukingo wa boti ya kurudi kambi ile.

Mungu anayehesabu nywele za kila kichwa kambini na kijijini awape ninyi, wanangu, macho ya kumwona asiyeweza kungoja, na moyo usiotulia mpaka mmerudi kwa aliyengoja. Alishike ziwa lisiwameze, azijaze rafu zenu zilizo tupu, na mtakapokosea, kwa maana mtakosea, awakute bado mko njiani. Amina.